Netibuku: mpakato mdogo ulioipeleka Linux dukani

Historia ya kuweka Linux kwenye kompyuta ndogo ya mpakato inaanza na mashine ambayo haikukusudiwa kazi hiyo hata kidogo. Mwaka 1996 kampuni ya Toshiba ilitoa nchini Japani Libretto 20, mpakato wa gramu 840 hivi, wenye skrini ya inchi 6.1, ulioweza kuingia katika mfuko wa koti. Ulikuja na Windows 95. Linux ilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliitangaza Agosti 1991, na aliiandikia kompyuta ya mezani yenye prosesa ya 386. Karibu kila kitu ndani ya Linux ya miaka ile kiliandikwa kwa kudhani kwamba mtumiaji ameketi mbele ya mashine ya namna hiyo, yenye mlango wa flopi usoni na umeme wa ukutani nyuma yake.

Libretto haikuwa na mlango wa flopi. Kisomea flopi kilikuwa kifaa cha pembeni, kikichomekwa kupitia tundu la kadi ya PCMCIA. Kompyuta iliweza kuwaka kutoka kwenye flopi hiyo, lakini Linux ikishashika hatamu, flopi ilipotea machoni pake kwa kuwa hapakuwa na draiva ya kifaa kile. Kisakinishi kiliomba flopi ya pili iliyokuwa imekaa palepale, nacho hakiioni. Wengi waliishia kufungua skrubu, kuchomoa diski kuu, kuipachika kwa adapta kwenye kompyuta nyingine, kusakinisha huko, kisha kuirudisha mahali pake.

Mipakato mikubwa nayo ilikuwa na visirani vyake. Kadi za PCMCIA zilianza kueleweka kwa Linux kutokana na kazi ya Mmarekani David Hinds, aliyeandika na kutunza draiva zake kwa miaka. Modemu nyingi za ndani zilikuwa za bei nafuu kwa sababu kazi yake kubwa ziliiachia prosesa kuu, kupitia programu ambayo mtengenezaji aliiandikia Windows peke yake. Kwa mtu wa Linux modemu hiyo ilikuwa kipande cha plastiki. Kulala na kuamka kwa kompyuta kifuniko kinapofungwa na kufunguliwa lilikuwa jambo la bahati nasibu. Katika shida hizo ulizaliwa utaratibu ambao haujabadilika hadi leo: kabla ya kulipa, mnunuzi aliulizia chipu ya picha, chipu ya mtandao na chipu ya sauti, na jina lililochorwa juu ya kifuniko lilikuja baadaye.

Udogo wakati ule ulikuwa anasa. Kadiri mpakato ulivyopungua uzito ndivyo bei ilivyopanda, na waliobeba mashine za chini ya kilo moja walikuwa wakurugenzi na wasafiri wa ndege. Hesabu hiyo iligeuzwa na mradi uliokuwa na shabaha nyingine kabisa. Nicholas Negroponte wa Media Lab ya MIT alitangaza Davos, Januari 2005, nia ya kutengeneza kompyuta ya dola 100 kwa ajili ya watoto wa nchi maskini. Novemba mwaka huohuo alionyesha mfano wake mjini Tunis, akiwa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan. Ilikuwa ya kijani, na ubavuni ilikuwa na mkono wa kuzungusha ili kufua umeme. Mkono huo uliwapendeza sana wapiga picha, ila haukufika kwenye mashine zilizotoka kiwandani.

Mashine hizo, XO-1, zilianza kutengenezwa na kampuni ya Quanta ya Taiwan Novemba 2007. Prosesa ilikuwa AMD Geode ya MHz 433, kumbukumbu megabaiti 256, hifadhi gigabaiti moja ya flashi, na skrini ya inchi 7.5 iliyobuniwa na Mary Lou Jepsen isomeke hata kwenye jua kali. Ndani yake kulikuwa na Linux ya Fedora na mazingira ya watoto yaitwayo Sugar. Bei haikuwahi kufika dola 100. Ilianzia karibu na 190. Uruguay ilikuwa nchi ya kwanza kumpa kompyuta kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali, na barani Afrika Rwanda ilikuwa miongoni mwa zilizonunua kwa wingi zaidi. Kuhusu faida yake darasani wataalamu wangali wanabishana. Kwenye biashara ya kompyuta athari yake ilionekana mara moja, kwani ilithibitisha kwamba mpakato mzima waweza kujengwa kwa vipande vya bei ya chini, endapo mfumo endeshi wake hautatozwa ada ya leseni na utatosha ndani ya gigabaiti moja.

Kampuni ya Asus ya Taiwan ndiyo iliyolichukua wazo hilo na kulipeleka dukani. Juni 2007, katika maonyesho ya Computex mjini Taipei, mwenyekiti wake Jonney Shih alionyesha Eee PC na kutaja bei ya kuanzia dola 199. Oktoba 2007 ikaanza kuuzwa Taiwan. Marekani ilipofika, toleo la 701 lenye gigabaiti nne liliuzwa kwa dola 399, mara mbili ya ahadi, na bado lilinunuliwa kwa pupa. Uzito wake ulikuwa gramu 920. Skrini ya inchi 7 ilikuwa na nukta 800 kwa 480, na ilikuwa ndogo kuliko nafasi iliyotengewa, kwa hiyo spika ziliwekwa kushoto na kulia kwake kama masikio. Prosesa ya Celeron M, iliyopaswa kwenda MHz 900, ilipunguzwa hadi 630 ili isichemke wala kula betri. Kumbukumbu ilikuwa megabaiti 512.

Linux iliyomo ilitengenezwa na Xandros, na nasaba yake ilirudi hadi Corel Linux na kabla ya hapo Debian. Mnunuzi alipoiwasha hakukutana na menyu wala madirisha aliyoyazoea. Alikuta vichupo vichache juu ya skrini, kimoja cha intaneti, kingine cha kazi, kingine cha kujifunza, kingine cha michezo, na chini yake picha kubwa za kubofya. Barua na hesabu ziliandikwa kwa OpenOffice, programu ambayo tangu Desemba 2004 ilikuwa na toleo la Kiswahili, Jambo OpenOffice, lililotokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden. Eee PC ilikuwa tayari kwa kazi katika nusu dakika, wakati mpakato mpya wa Windows Vista wa siku zile ulikuwa ungali unajikokota.

Jinsi diski ya 701 ilivyogawanywa yastahili kuangaliwa kwa karibu, kwani humo mlikuwa na ujanja mzuri na kosa lililokwenda nao. Zaidi ya nusu ya gigabaiti nne ilikuwa ya mfumo, nayo ilifungwa isiandikike. Sehemu ya pili ilikuwa ya mtumiaji. Juu ya zote mbili kulitandazwa mfumo wa faili uitwao unionfs, ulioziunganisha zionekane kama diski moja: faili likibadilishwa, nakala mpya iliandikwa katika sehemu ya mtumiaji na la zamani likabaki chini, limefunikwa. Mtoto akiharibu kitu, mzazi aliwasha kompyuta, akabonyeza F9, akachagua kurejesha hali ya kiwandani, na sehemu ya juu ikafutwa. Ndani ya dakika chache mashine ilikuwa kama imetoka kwenye boksi. Kosa lilijitokeza wakati wa masasisho. Kila programu iliyosasishwa ilikaa mara mbili, mpya juu na ya zamani chini, na ya zamani haikuweza kufutwa. Aliyefuata ushauri wa kusasisha mara kwa mara ndiye aliyeishiwa nafasi mapema kuliko mzembe.

Kwa sababu hiyo, na kwa udadisi tu, watu walianza kuondoa Xandros na kuweka Linux nyingine. Hapo ndipo kazi ambayo mwanzoni ilikuwa ya wachache ikawa ya makumi ya maelfu. Eee PC haikuwa na kisomea CD, kwa hiyo CD za bure ambazo Ubuntu, mradi ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ilikuwa ikizituma kwa posta duniani kote, hazikufaa kitu. Njia ilikuwa flashi ya USB. Programu kama UNetbootin zilichukua picha ya CD na kuiandika kwenye flashi, kisha flashi ilichomekwa, mashine ikawashwa huku kitufe cha Esc kikibonyezwa, na orodha ndogo ikatokea ya kuchagua pa kuwakia. Leo hatua hizo anazijua kijana yeyote anayepiga Windows au Linux kwa ujira mtaani. Mwaka 2007 mashine nyingi za zamani zilikuwa bado hazijui kuwaka kutoka USB, na netibuku ndizo zilizoifanya flashi kuwa chombo cha kawaida cha kusakinishia.

Usakinishaji ukikamilika, kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Wai-fai ya 701 ilitumia chipu ya Atheros ambayo draiva ya Linux ya wakati ule haikuitambua. Ilibidi kupata draiva ya madwifi iliyotiwa viraka na kuijenga upya, na ikiwa kiini cha Linux kilisasishwa, kuijenga tena. Tundu la waya nalo lilikuwa na chipu ambayo draiva yake iliingia rasmi katika kiini toleo la 2.6.28, Desemba 2008. Kwa miezi kadhaa, basi, aliyetaka kupakua draiva ya wai-fai hakuwa na wai-fai wala waya wa kupakulia, na alihitaji kompyuta ya pili pembeni. Hali ilikuwa ileile ya Libretto na flopi yake, ila imevaa nguo mpya.

Diski ya flashi ilileta tahadhari zake. Ilijulikana kwamba kila chembe ya hifadhi hiyo huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi, kwa hiyo miongozo ya miaka hiyo iliagiza mfumo wa faili wa ext2 usioweka daftari la mabadiliko, iliagiza kutotenga eneo la kubadilishana kumbukumbu, kuzuia kompyuta isiandike saa kila faili linaposomwa, na kuweka faili za muda katika kumbukumbu. Ushauri huo ulikuwa na mantiki kwa diski ya gigabaiti nne. Uliendelea kunakiliwa miaka mingi baadaye kwa diski zilizokuwa kubwa na imara zaidi, ambako haukuwa na maana. Lenye faida ya uhakika lilikuwa kufungua kifuniko kidogo cha chini kwa bisibisi na kubadilisha kipande cha kumbukumbu cha megabaiti 512 kwa kingine cha gigabaiti moja au mbili.

Kero iliyokumbukwa kuliko zote ilikuwa kimo cha skrini. Programu nyingi zilibuniwa kwa skrini yenye nukta 600 au 768 kwenda chini, na 701 ilikuwa na 480. Dirisha la mipangilio lilifunguka, mtu akachagua alichotaka, kisha kitufe cha kukubali kikawa hakionekani, kimezama chini ya ukingo. Dawa ilikuwa kushikilia Alt, kulishika dirisha popote kwa kipanya na kulivuta juu hadi kichwa chake kipotee na kitufe kiibuke. Ubuntu Netbook Remix ya mwaka 2008 ilifanya suala hilo kuwa msingi wa ubunifu wake: madirisha yalijipanua yenyewe na kichwa cha dirisha kikahamishiwa kwenye mstari wa juu. Kulikuwa pia na Ubuntu Eee, iliyobadilishwa jina kuwa Easy Peasy kwa ajili ya haki za alama ya biashara, na Debian ilikuwa na kundi lake la kushughulikia Eee PC. Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia, ilipendwa kwa kuwa iliweza kukaa yote katika kumbukumbu.

Mwaka 2008 soko lilifurika. Intel, iliyokuwa imeanza kulieneza jina la netibuku, ilitoa prosesa ya Atom. N270 yake ya GHz 1.6, yenye kutumia wati 2.5, ikawa moyo wa karibu kila mashine ya aina hii. Acer ilileta Aspire One yenye Linux ya Linpus kutoka Taiwan. HP ilileta 2133 yenye SUSE. Dell ikaleta Inspiron Mini 9 yenye Ubuntu mwezi Septemba. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliingia katika duka la kawaida akakuta rafu nzima ya kompyuta zisizo na Windows.

Microsoft ilikuwa imebanwa. Vista haikuwezekana kwenye mashine hizi, na Windows XP iliyoitangulia ilipangwa kuacha kuuzwa tarehe 30 Juni 2008. Aprili mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba XP Home itaendelea kupatikana hadi 2010 kwa kompyuta ndogo za bei nafuu pekee, na ikaweka mipaka ya ukubwa wa skrini, kumbukumbu na diski ili mashine hizo zisile soko la mipakato mikubwa. Mipaka hiyo ndiyo sababu netibuku nyingi za wakati ule zinafanana kama mapacha: kumbukumbu gigabaiti moja, skrini ya inchi 10, basi. Katika Eee PC 901 mnunuzi wa Linux alipewa hifadhi ya gigabaiti 20 na wa XP gigabaiti 12, kwa bei zilizokaribiana. Linux ilikuwa imeshusha bei ya Windows bila yenyewe kuuzwa sana.

Mizani iligeuka upesi. Mwezi Oktoba 2008 mkuu mmoja wa kampuni ya MSI alisema netibuku zao za Wind zenye Linux zilikuwa zikirudishwa dukani mara nne zaidi ya zile za Windows. Mwezi Aprili 2009 Microsoft ilidai kwamba Windows ilikuwamo katika asilimia 96 ya netibuku zilizouzwa Marekani. Wanunuzi wengi walirudisha mashine kwa sababu walitarajia kitu kingine na hawakuambiwa. Lakini watengenezaji nao hawana pa kujificha. Kila mmoja alichukua Linux tofauti, ghala zake za programu zilikuwa nusu tupu, masasisho yalichelewa, na wengine walitoa kamera au kisoma kadi ambacho draiva yake ilifanya kazi nusunusu. Linux waliyoiweka ilikuwa ya kujazia pengo la bei. Aliyeifuta na kuweka Debian au Ubuntu safi mara nyingi alipata mashine bora kuliko ile iliyotoka dukani.

Hata hivyo uchaguzi ulihitaji macho. Netibuku za N270 zilikuwa na chipu ya picha ya Intel ambayo Linux iliifahamu barabara. Baadhi ya mashine zilizofuata, zikiwemo Aspire One 751h ya Acer na Eee PC 1101HA, zilikuja na chipu iliyopewa jina la Poulsbo. Ilikuwa na nembo ya Intel juu na teknolojia ya picha ya PowerVR ndani, na draiva yake ilikuwa ya siri. Video zilikwama, na kila toleo jipya la Ubuntu liliivunja draiva iliyokuwepo. Mtu angeweza kusimama mbele ya mashine mbili za kampuni moja, bei moja, rangi moja, na moja ikawa nzuri kwa Linux huku ya pili ikimtesa mpaka aiuze. Kwa upande wa wai-fai jina la kuogopwa lilikuwa Broadcom, hadi ilipotoa draiva huria ya baadhi ya chipu zake mpya Septemba 2010.

Januari 2010 Apple ilionyesha iPad, na Steve Jobs akalitumia jukwaa hilo kudhihaki netibuku. Bei za mipakato mikubwa nazo zilishuka hadi zikazikaribia za netibuku. Kufikia mwanzoni mwa 2013 Asus na Acer zilikuwa zimeacha kutengeneza netibuku. Nafasi yake dukani ilichukuliwa na Chromebook, zilizoanza kuuzwa Juni 2011, ambazo kiini chake ni Linux ingawa maboksi yake hayakulitaja jina hilo.

Kwa wapiga Linux mashine ndogo hazikuisha, ila vikwazo vilihama kutoka kwenye draiva hadi kwenye mlango wa kuingilia. Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, ilikuja na ukaguzi wa sahihi wakati wa kuwaka, na Matthew Garrett pamoja na wenzake wakatengeneza programu ndogo iliyotiwa sahihi ya Microsoft ili kuipisha Linux. Kisha zikaja mashine za Atom kama Asus X205TA ya 2014: prosesa yake ilikuwa ya biti 64 lakini programu ya kuwashia ilikuwa ya biti 32, na flashi za kawaida za Ubuntu zilichomekwa zikapuuzwa kana kwamba hazipo. Ilibidi kuongeza faili moja, bootia32.efi, katika folda ya kuwakia ya flashi. Mwaka 2017 GPD Pocket ya inchi 7 ilitumia skrini ya tableti iliyosimama wima, hivyo Linux ilipowaka maandishi yalilala ubavu mpaka kiini kiagizwe kuzungusha picha.

Wengi waliokuwa wananunua netibuku walihamia mipakato ya ofisi iliyotumika, hasa ThinkPad za X. X220 ya mwaka 2011, ya inchi 12.5, ina picha na mara nyingi wai-fai za Intel, na Linux huingia bila kuuliza maswali. Mashine za aina hiyo zinazoachwa na kampuni za Ulaya na Marekani ndizo zinazouzwa kama mitumba Kariakoo na Nairobi, na kwa bei ya netibuku mpya ya enzi zile zinatoa nguvu mara kadhaa. Eee PC 701 zilizosalia zimebaki na chaguo finyu. Ubuntu iliachana na prosesa za namna yake mapema, na Debian 13 ilipotolewa Agosti 2025 haikuwa tena na kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Toleo la mwisho la Debian linaloweza kusakinishwa juu ya Celeron ile ya MHz 630 ni la 12.